Uzi: Mtu mpole anapogeuka mkali ghafla, ni hulka yake au ni sonona?

Mwalimu wa Kiboriloni (mleta uzi)

Ndugu zangu, salaam kutoka Moshi. Nimesita kwa muda mrefu kuandika uzi huu kwa sababu unamhusu kaka yangu wa kuzaliwa, naye yu hai na anaweza kuusoma kama mtu mwingine yeyote. Hata hivyo ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kazi yake. Nitamwita Kaka.

Miaka mitano iliyopita, kama mngemuuliza mtu yeyote wa kijijini kwetu ni nani mpole katika nyumba ile ya watoto sita, angemtaja Kaka kabla hamjamaliza kuuliza. Wazee walipofariki, ndiye tuliyempa kazi ya kusuluhisha mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, kwa kuwa sote tuliamini kwamba hajui kupaza sauti. Kisha, katika muda wa miezi kama minane, tukaanza kuishi na mtu mwingine. Kwanza lilikuja gubu: chai imepoa, mlango haukufungwa, mtoto anacheka kwa nguvu mno. Gubu likawa hamaki. Jioni moja alirusha sahani ukutani, na wiki iliyofuata alimsukuma kijana wake wa kidato cha pili hadi akaangukia ndoo za maji. Baada ya kila tukio aliingia chumbani akakaa gizani, mara nyingine tukimsikia akilia, na kulipokucha hakuweza kumtazama mtu usoni.

Kila mmoja alikuwa na jina la jambo hilo. Shemeji alishuku mwanamke wa nje. Wajomba walilaumu pombe, ingawa Kaka alikuwa mnywaji wa mbege, pombe ya ndizi, tena ya sherehe tu. Jirani alisema kuna kisirani kimeingia nyumbani na kinahitaji maombi. Mimi, msomi wa ukoo, nilisema jambo la kipumbavu kuliko yote: kwamba huyu ndiye Kaka halisi, ila alikuwa amejificha miaka arobaini. Hakuna aliyetaja ugonjwa, kwa maana sote tulidhani tunajua mgonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, anavyofanana: amejikunyata, hali chakula, hasemi, machozi yanamlengalenga. Nadhani neno lenyewe lilitupoteza. Kusononeka ni kuumia moyoni kimyakimya, na mtu anayevunja sahani hayuko kimya.

Kituo cha kwanza tulichompeleka kilimtibu vidonda vya tumbo kwa miezi mitatu, kwa sababu alilalamikia tumbo na kukosa usingizi, na hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu moyo wake. Katika hospitali ya pili mhudumu wa afya ya akili alimsomea maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 tayari humfanya mhudumu aangalie kwa makini. Kaka alipata 19. Katika maswali hayo tisa hakuna hata moja linalouliza kuhusu hasira, na jambo hilo lilinishangaza kiasi cha kunifanya nianze kusoma.

Nilichokikuta ni kwamba mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unakubali kwamba kwa watoto na vijana sonona inaweza kujitokeza kama wepesi wa kukasirika badala ya huzuni, lakini kwa watu wazima wepesi huo haumo katika orodha ya dalili tisa. Pamoja na hayo, tangu miaka ya 1990 Daktari Maurizio Fava na wenzake wa mjini Boston waliandika kuhusu milipuko ya hasira kwa wagonjwa wa sonona: hasira ya ghafla isiyolingana kabisa na kisa chake, moyo ukienda mbio, jasho likitoka, kifua kikibana, kisha majuto mazito. Waliikuta kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na kwa wengi wao ilitoweka walipotibiwa sonona. Nilipoyasoma maelezo hayo nilimwona Kaka na ile sahani.

Sasa nifike kwenye swali lililonileta. Dada yetu mkubwa naye alipatwa na sonona baada ya kufiwa na mtoto. Alikonda, akanyamaza mwaka mzima, wala hakuwahi kumkaripia hata kuku. Ugonjwa ni mmoja, damu ni moja, kihamba ni kimoja. Kwa nini mmoja anyamaze na mwingine avunje vyombo?

Wanasaikolojia wengi huielezea haiba ya mtu kwa hulka tano kubwa, mfumo ulioenezwa sana na Paul Costa na Robert McCrae wa Marekani: wepesi wa kuyumba kihisia, uchangamfu, kupenda mambo mapya, upole wa kupatana na watu, na umakini katika wajibu. Inayotajwa zaidi panapozungumzwa sonona ni ile ya kwanza. Mwenye moyo unaoyumba upesi huona tishio pale ambapo wengine wanaona jambo la kawaida, tena hukaa nalo muda mrefu, na huyo ndiye aliye karibu zaidi na sonona. Hulka hiyohiyo huzaa pia hasira ya upesi. Kama hasira itabaki moyoni au itafika mkononi ni jambo linalotegemea kwa kiasi kikubwa hulka ya nne na ya tano, yaani kama mtu amezoea kuwajali wenzake na kama ana breki.

Kwa kipimo hicho Kaka hakupaswa kumsukuma mtu, maana upole na umakini alikuwa navyo kutuzidi wote. Nilipomweleza daktari hivyo, alinijibu kwa swali: amelala kwa muda wa saa ngapi kila usiku katika miezi hiyo minane? Saa tatu, wakati mwingine mbili. Akasema breki ninayoisifu ni kazi ya ubongo kama kazi nyingine, nayo huchoka. Kisha akanionya kuhusu ile hukumu yangu ya "Kaka halisi". Mtu akipimwa haiba yake akiwa ndani ya sonona, majibu yake huonyesha moyo unaoyumba kuliko ulivyo kawaida yake, na ugonjwa ukipungua alama hizo nazo hushuka. Kwa hiyo anayemsoma mtu hulka yake katikati ya ugonjwa anasoma kitabu kilicholowa maji.

Naomba michango, hasa ya waliopitia au wanaohudumu.

Mama wa Pasua

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima na pole kwa yaliyowapata, lakini naomba nami nisomwe. Mume wangu alinipiga mwezi wa kwanza wa ndoa, akanipiga nikiwa mjamzito, na ameendelea kwa miaka kumi na moja, wala hajawahi kukaa gizani akilia. Mwaka jana alisikia redioni habari za sonona, na tangu siku hiyo kila akinipiga huniambia kwamba yeye ni mgonjwa na nimvumilie. Ninyi wanaume mliosoma mnawapa wenzenu neno zuri la kujifunikia. Nani atatoa jina la kisomi kwa maumivu yangu mimi?

Mwalimu wa Kiboriloni (mleta uzi)

Pole sana, dada yangu. Ninakubaliana nawe kuliko unavyodhani, na maelezo yako ndiyo yanayoonyesha kwa nini nilitaka tuitenganishe hulka na ugonjwa. Swali la kwanza ambalo daktari alituuliza kuhusu Kaka lilikuwa: ameanza lini? Ukali wa Kaka ulikuwa na mwanzo, na kabla ya mwanzo huo kulikuwa na miaka arobaini ya mtu tofauti. Tena haukuchagua mtu: aliwafokea wakubwa wake kazini, akamfokea shemeji, akajifokea mwenyewe, na ulikuja pamoja na kukosa usingizi, kupungua uzito na kuacha kila alichokipenda. Ukali unaoueleza wewe umekuwapo tangu mwanzo, na kwa jinsi ninavyokusoma unamchagua mtu mmoja ndani ya kuta zilezile. Inawezekana mume wako ana sonona pia, sitamkatalia bila kupimwa. Lakini sonona ya mwaka jana haiwezi kueleza kipigo cha miaka kumi na moja iliyopita. Na hata kwa Kaka, ambaye kwake ugonjwa ulieleza mengi, kijana aliyeangukia ndoo alikuwa na haki ya kuombwa radhi, na aliombwa mbele yetu sote. Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi halimuulizi mtu kwanza kama aliyempiga ni mgonjwa. Tafadhali lifikie.

Dereva wa Sakina

Salaam kutoka Arusha. Mimi nimeendesha watalii kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 2020 watalii walipokatika nilikaa nyumbani na mkopo wa gari, na kufika Agosti nilikuwa nimeshapotea, kwa hiyo nitaeleza mambo haya yalivyo kwa ndani.

Watu hudhani kwamba mwenye sonona hana nguvu na mwenye hasira ana nguvu, hivyo hayawezi kukaa pamoja. Mimi sikuwa na nguvu ya kuoga, lakini nguvu ya kugombana nilikuwa nayo. Kila sauti ilinigusa kama mtu anayebonyeza kidonda: kijiko kwenye kikombe, pikipiki ya jirani, mke wangu akiuliza kama nimekula. Na kabla ya hasira palikuwa na kitu kingine ambacho Mwalimu hakukitaja, nacho ni dhana mbaya. Nikiona watu wawili wanaongea kituoni nilijua wananisema mimi. Rafiki asipopokea simu nilijua amenidharau kwa kuwa sina kazi. Usiku nilikuwa nacheua. Sina neno bora kuliko hilo la ng'ombe. Neno aliloniambia mtu asubuhi nilikuwa nalirudisha mdomoni mara hamsini, na kila nikilirudisha lilikuwa limeongezeka uchungu, mpaka kulipokucha nilikuwa tayari kumkabili mtu ambaye pengine alinisalimia tu.

Kuhusu hulka, niseme ukweli. Sikuwahi kuwa mpole. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nililia tumboni. Dawa na mazungumzo na mnasihi vilipoanza kufanya kazi sikugeuka malaika, ila hasira ilirudi kwenye saizi yake ya zamani, ile ambayo mke wangu aliijua wakati tunaoana na akakubali kuishi nayo. Hivyo kwangu mimi ugonjwa haukuleta kitu kigeni, uliongeza sauti ya kilichokuwamo.

Msomaji wa Njiro

Shukrani kwa wote. Nilisomea saikolojia ingawa sasa nafanya biashara, na naona Dereva ameeleza bila kukusudia jambo linalopimwa rasmi. Mwaka 1992 Arnold Buss na Mark Perry walitunga dodoso la maswali 29 linaloutenga ukali katika mafungu manne: ukali wa mwili, ukali wa maneno, hasira, na uhasama, yaani ile imani ya moyoni kwamba watu wana nia mbaya nawe. Ubora wa mgawanyo huu ni kwamba unatuzuia kusema "mgonjwa wa sonona ni mkali" kana kwamba ukali ni kitu kimoja. Sonona hufuatana zaidi na mafungu mawili ya mwisho kuliko na ngumi. Kucheua mawazo nako kulichunguzwa kwa miaka mingi na Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki mwaka 2013, naye alionyesha kwamba anayezungushazungusha huzuni yake kichwani huirefusha. Hasira nayo hurefushwa vivyo hivyo.

Ili tusiwatie hofu majirani wa wagonjwa, kuna utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2015 na Seena Fazel na wenzake, uliofuatilia zaidi ya watu 47,000 waliotibiwa sonona nje ya wodi. Baada ya kugunduliwa ugonjwa, asilimia 3.7 ya wanaume na asilimia 0.5 ya wanawake walitiwa hatiani kwa makosa ya kutumia nguvu, ukilinganisha na asilimia 1.2 na 0.2 kwa watu wengine. Hatari imeongezeka, hilo halifichiki, na mgonjwa anastahili kuulizwa kuhusu hasira zake. Lakini zisomeni tarakimu hizo kwa upande wa pili: zaidi ya wanaume 96 katika kila 100 hawakutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo.

Shangazi wa Rau

Wanangu, hamjambo. Nimewasoma na miwani yangu. Zamani zetu tulisema mtu "ana mawazo", tukaishia hapo. Swali langu ni moja: mbona visa vyote hivi ni vya wanaume? Wanawake wana sonona pia, tena naambiwa ni wengi zaidi.

Msomaji wa Njiro

Shikamoo shangazi. Ni kweli, wanawake wanaogunduliwa kuwa na sonona ni karibu mara mbili ya wanaume. Sehemu ya jibu imo katika kisiwa cha Gotland, Uswidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa kawaida wa kisiwa kile walifundishwa kuitambua na kuitibu sonona, na baadaye idadi ya watu waliojiua ikapungua, ila kupungua huko kulikuwa kwa wanawake. Kwa wanaume hali ilibadilika kidogo sana. Daktari Wolfgang Rutz na wenzake walipotafuta sababu waliona kwamba wanaume wengi hawakufika kwa daktari kabisa, na waliojulikana walikuwa wamejulikana polisi au kwa mabwana ustawi, kwa ajili ya hasira na ulevi. Ndipo wakatunga kipimo maalumu kinachouliza kuhusu hasira, pombe na kuchoka. Hata hivyo nisingesema hii ni sonona ya kiume. Wapo wanawake wenye milipuko hiyohiyo, nasi tunawaita wana gubu tukapita.

Nesi wa Ngaramtoni

Nimefanya kazi wodini kwa miaka ishirini na sita na ningependa kuongeza mambo ambayo wasomaji wanaweza kuyakosea wakitoka hapa.

Kwanza, si kila ukali mpya ni sonona. Kuna ugonjwa ambao mtu hupanda na kushuka: majuma kadhaa hana haja ya usingizi, anaongea bila kituo, anatumia fedha ovyo na hakubali kupingwa, kisha anaanguka chini kabisa. Mtu huyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupanda zaidi na kuwa mkali zaidi, ndiyo maana ni lazima familia ieleze historia yote wala isifiche. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo humfanya mtu awe na papara na hasira, na sukari iliyoshuka humvuruga mtu ndani ya nusu saa.

Pili, pombe. Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali, mwaka 2017 na tuliokuwa wodini tulishukuru, lakini pombe kali bado ipo, na mtu mwenye sonona huinywa kama dawa ya usingizi. Inamlaza kwa muda wa saa mbili, kisha inamwamsha saa nane usiku akiwa na moyo unaodunda, na breki anayoisema Mwalimu inakuwa haipo kabisa. Visa vingi vya kupigana nilivyowahi kushona nyuzi zake vilikuwa na vitu vyote vitatu: huzuni, pombe, na mtu ambaye hata akiwa mzima hana subira.

Tatu, dawa. Dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini hazifanyi kazi siku ya kwanza. Kwa kawaida ni majuma mawili hadi manne kabla mgonjwa hajaona tofauti, na katika siku za mwanzo baadhi yao, hasa vijana, huweza kuwa na mahangaiko zaidi. Wakiona hivyo warudi, wasiziache wenyewe.

Na la mwisho, ambalo silipitii haraka. Mwalimu ameandika kwamba Kaka alijifokea mwenyewe. Sigmund Freud aliandika mwaka 1917 kwamba mwenye sonona hujigeuzia ukali aliomkusudia mwingine, na ingawa mengi ya Freud yamepingwa, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mtu anayelipuka kwa wengine na kisha kujichukia kwa kulipuka aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi niliowauliza walishusha pumzi kwanza, kisha wakajibu.

Shangazi wa Rau

Ahsante mwanangu Nesi. Basi nimalizie kwa lililonileta. Nina kijana wa marehemu mdogo wangu ambaye ni kama Kaka wa Mwalimu, ila ukimtajia hospitali ya akili anaondoka nyumbani siku mbili. Ninyi mlimpelekaje?

Mwalimu wa Kiboriloni (mleta uzi)

Shikamoo shangazi. Tulikosea mara mbili kabla ya kupata njia. Mara ya kwanza tuliitisha kikao cha ukoo tukamweka katikati, na kila mtu akamtajia makosa yake. Alisimama akatoka, na wiki ile ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kwa mtu ambaye tayari anaamini kwamba watu wanamsema, tulikuwa tumemletea ushahidi. Mara ya pili nilimwambia nampeleka kupima presha, akagundua njiani, na kwa miezi miwili hakunisemesha.

Mara ya tatu alikwenda shemeji, peke yake, asubuhi wakati ametulia, wala hakutaja hasira. Alimuuliza ni lini mara ya mwisho alilala mpaka kukucha. Kaka alifikiri kidogo, akasema hakumbuki, na kwamba angetoa chochote apate usiku mmoja tu. Basi akakubali kwenda kwa ajili ya usingizi. Habari ya hasira daktari aliiuliza mwenyewe, walipokuwa wamekaa kama dakika ishirini, na mimi nikiwa nje kwenye benchi nilimsikia Kaka akimjibu.